Pete ya Kuku Asiyechanjwa

Hapa Kayole hakuna asiyejua mayai yangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini kuku mia nne nawafuga kwenye ploti niliyonunua kwa jasho langu, na wenye digrii huja kuniuliza nawalisha nini. Daktari wa mifugo alipotafuta mahali pa kujaribia chanjo ya homa ya ndege, nilijua atafika kwangu tu.

Aliwachanja wote isipokuwa kumi. Hao akawavisha pete nyekundu mguuni.

"Waliochanjwa wanaweza kubeba homa bila kuonyesha," alisema. "Hawa kumi ndio watatuambia. Nitakuwa nawatoa damu, maana kwenye damu chanjo na homa huonekana sawa, na hawa hawana chanjo. Mmoja akifa usimguse, nipigie."

"Kuku wangu hawafi, daktari. Uliza mtaa mzima."

Asubuhi moja nikamkuta mmoja wa pete amelala ubavu, amekauka. Nilishasikia kwamba homa ikipatikana, banda zima linauawa, hata wazima. Sikupiga simu. Nilimvua pete, nikamvisha mwingine kutoka kundini, wa rangi ileile, na yule mfu nikamfukia nyuma ya tangi. Nikajiona mjanja.

Kesho yake daktari akaja, akatoa damu, akaenda zake. Siku chache baadaye alirudi na ovaroli nyeupe na barakoa, akasimama getini.

"Mzee, tisa wako sawa. Mmoja damu yake inaonyesha amekutana na homa. Nafunga banda. Ikithibitika, wote wanaenda."

Yule alikuwa amechanjwa! Ni chanjo iliyoonekana kwenye damu yake. Nikinyamaza, kuku wangu wanauawa. Nikisema, atamfukua yule mfu, na huyo sikujua kilichomuua.

"Daktari, nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

"Pete. Wa kwanza alikufa."

"Yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Alichimba mwenyewe, akachukua sampuli, akaniambia nisiuze hata yai moja. Halafu akauliza kama nilivaa glavu nilipomfukia. Sikuvaa. Siku mbili nilinawa mikono mpaka ikachubuka, na kila nikikohoa nilihisi kifo kimeshanishika koo.

Simu ya daktari ikaja saa nne asubuhi. Yule kuku mfu hakuwa na homa.

Daktari alileta kuku mwingine asiyechanjwa, akamvisha pete ile mwenyewe, kisha akahesabu kwa sauti, moja hadi kumi, wateja wangu wakisikia. Mimi, mwenye mdomo wote huu, nilisimama kando nikishika mlango.