Mikaratusi ya Zawadi Kwenye Chemchemi ya Lukole

Nilipanda lori la kwenda Lukole kwa sababu ya udadisi tu. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Msimu huu nilikuwa kibarua wa kumwagilia kitalu cha klabu ya bustani ya Nyakahura. Kila mwaka mvua za kwanza zikishuka, klabu hiyo huitembelea klabu ya wenzao wa Lukole, wilayani Ngara, na mgeni haendi mikono mitupu: hubeba miche. Alihitajika mtu wa kupakia na kushusha, nikajitolea. Naandika haya hasira haijanitoka, msomaji anivumilie.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tunapakia. Miche yote ilikuwa ya mikaratusi, imebanana kwenye viriba vya nailoni. Nikamuuliza mwenyekiti wetu, Mwalimu Deogratias, mwalimu mstaafu, kwa nini hatupeleki hata mkuyu mmoja.

"Mkaratusi unakua haraka," akasema, "na mashindano ya klabu yanaangalia miti iliyosimama. Wewe pakia."

Njiani nilikaa juu ya lori na Mama Sesilia, mtunza kitalu. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye utoto wake aliumalizia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole kabla familia haijahamia Nyakahura. Upepo ulikuwa mkali, malori ya mizigo ya kwenda mpakani Rusumo yanatupita kwa honi, ikabidi apaze sauti.

"Kile kilima cha Lukole tulikinyoa! Kila siku kuni. Miti ilipokwisha tukachimba visiki. Ndiyo maana klabu ilipoanza, miche ya kwanza niliotesha mimi, kwa mikono hii. Nikasema ipelekwe kule kule, niwarudishie wenyeji kilima chao."

Tulipofika Benaco tuliacha lami tukaingia barabara ya vumbi. Saa tano tulikuwa Lukole, tukapokewa kwa vigelegele. Mwenyekiti wa wenyeji alikuwa Bibi Verediana, Mhangaza aliyezaliwa hapo hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na huyu mrefu? Safari hii mmetuletea mti unaotembea?"

Tukacheka. Tukatembezwa kwenye matuta ya vitunguu na mchicha, kisha tukashuka bondeni kwenye chemchemi, chini ya kile kilima. Mikaratusi ya Mama Sesilia ilikuwa imeizunguka, minene, imenyooka kama nguzo. Wenyeji wakaipigia makofi. Mwalimu akawapanga watu mbele ya miti hiyo wapigwe picha.

Mimi niliinama kutazama maji. Palikuwa na kidimbwi cha kuzamisha kikombe, basi. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni, tupu, na matuta yaliyo chini ya kidimbwi yalikuwa yamepasuka ingawa mvua ilikuwa imeanza. Bibi Verediana aliponikaribia nikamuuliza maji yamekuwa hivyo tangu lini.

Akashusha sauti. "Tangu miti ilipopita mapaa ya nyumba. Inakunywa kuliko ng'ombe."

"Sasa mbona hamkati?"

"Kukata mti wa mgeni? Kwetu zawadi haiguswi mpaka aliyeileta aseme mwenyewe. Na Sesilia nimwambie nini? Kwamba utotoni alitumaliza kwa kuni, na ukubwani anatumaliza kwa miti?"

"Mwalimu anajua?"

"Mwaka jana nilimnong'oneza. Akasema tuvumilie kwanza mashindano yapite."

Damu ilinipanda. Watu wazima, wana mihuri na madaftari ya klabu, wanaacha kijiji kikose maji kwa kuoneana haya!

Saa saba tulikula ndizi na maharage. Mwalimu akasimama kukabidhi miche mipya, akapendekeza ipandwe safu ya pili kuizunguka chemchemi. Hapo nilishindwa.

"Mwalimu, bibi alikwambia mwaka jana kwamba maji yanakauka. Ulinyamazia nini?"

"Kaa chini. Darasa la sita utanifundisha mimi miti?"

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Mama Sesilia akaweka sahani chini. "Bibi, ni kweli?"

"Mwanangu, tuliogopa kukuumiza."

"Kwa hiyo mkaona bora kunipigia makofi? Kila mwaka nakuja hapa nachekelea kama mjinga, kumbe ninyi mnapanga foleni ya ndoo tupu!"

Akachukua panga lililokuwa likitumika kukatia mikungu ya ndizi jikoni, akashuka bondeni. Tulimfuata. Alikata akilia, na kwa mti wa kwanza hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ulipoanguka, akawageukia wenyeji: "Nimechukua changu. Kateni." Ndipo akina mama wa Lukole walipoleta mapanga na mashoka, na kwa jinsi walivyoyashika, niliona kuwa walikuwa wamengoja siku nyingi.

Jioni tulirudi na miche yetu ile ile. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Nilipotaka kumsifu Mama Sesilia, alinikata: "Usinipongeze. Nimechoka na kupongezwa."

Nyakahura, asubuhi yake, niliambiwa kitalu hakinihitaji tena. Sawa. Nimefukuzwa kazi kwa mambo madogo kuliko hayo. Nilichojifunza ni kwamba kilima cha Lukole kilimalizwa mara ya kwanza na watu waliokosa kuni, na hao nawaelewa. Mara ya pili kimemalizwa na adabu, na hiyo siielewi mpaka leo.

Siku niliyofunga begi, wiki kadhaa baadaye, Mama Sesilia alinionyesha jembe jipya. Mkaratusi hauuawi kwa kukatwa. Visiki vilikuwa vimechipua, naye ameamua kwenda kuving'oa kimoja kimoja. Akampigia simu Bibi Verediana mbele yangu, akaweka spika, akauliza habari za maji.

"Bado, mwanangu," Bibi akajibu. "Bado ni machache, na safari hii nakwambia wazi."