Siku Nilipoingia Maombini na Povu

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini Wafula ameshaanza kuisimulia kwa njia yake (na kila akisimulia, taulo inazidi kuwa ndogo), kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe, maana wa kulaumiwa ni mimi na sabuni yangu.

Wafula ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, siku hizi ni fundi wa kuchomelea vyuma na amepanga chumba Gatina, pale Kawangware, ghorofa ya pili. Aliniita Nairobi niwe msemaji wake siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Mwende, msichana wa Kikamba ambaye wazazi wake wanaishi Lindi, Kibera, na nyinyi mnajua mdomo wangu hauna breki. Akanionya kabisa kwamba baba ya msichana si kitu, mwenye neno ni shangazi, Mama Kioko, aliyemlea Mwende, na huyo mama akikunja uso basi rudini kwenu.

Nilifika asubuhi nikiwa ndani ya suti nzito niliyoshonewa kwa baridi ya Mlima Elgon, na Nairobi siku hiyo jua lilikuwa linachoma (nani alinidanganya eti kule ni baridi?). Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Wafula akaniwekea chai, mimi nikasema hapana, kwanza nioge, siwezi kwenda kuposa nikinuka safari. Akanipa taulo na ndoo ya maji, maana mfereji ulikuwa umekauka na kila mtu ananunua maji kwa mtungi. "Budaa, bafu iko chini kabisa, na hayo ndiyo maji yote, tumia na akili," akaniambia, halafu akatoka kupeleka mashati yetu kupigwa pasi.

Sasa mimi nimekulia mtoni. Kwetu unajimwagia kwanza mpaka mwili upoe, unajipaka sabuni, unarudi majini, na mto haujawahi kumwambia mtu umeisha. Basi nikainua ndoo nzima nikajimwagia kichwani, nikasikia raha mpaka nikaimba, nikajipaka sabuni kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, nikainamisha ndoo tena, likatoka tone.

Povu likaingia machoni. Nikajifunga taulo (ilikuwa ya uso, sitawadanganya), nikapanda ngazi kwa kupapasa ukuta, nikihesabu milango kwa mkono. Milango nilihesabu vizuri sana, ila ghorofa nilipitisha moja.

Nikasukuma mlango, nikasikia sauti ya mama ikisema, "Bwana, hao wageni wa leo wawe watu wasafi, wasiotuficha kitu." Nikajua Wafula amerudi na kufungua redio. Nikanyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika taulo, nikasema, "Wewe, nimwagie maji kabla sijapofuka, na huyo mama umzime."

Halafu mtu akakohoa, na hakuwa Wafula. Mkono ukaniinamisha kichwa juu ya beseni, polepole, kama anavyooshwa mtoto, na jagi la maji likanimwagikia. Kufungua macho, naona mama mnene ameshika jagi, na nyuma yake kikundi kizima cha akina mama wa maombi, wengine bado wamefunga macho, wengine wamefunga moja.

"Umeona sasa?" akaniuliza.

Nikasema ndio mama, asante mama, nikatoka kinyumenyume kwa sababu ya ile taulo.

Nilipomweleza Wafula, alikaa kitandani akashika kichwa. Hiyo ndiyo nyumba ya Mama Kioko, na huko ndiko alikomwonea Mwende mara ya kwanza, akija kumtembelea shangazi. Nilimwomba atafute msemaji mwingine, lakini angempata wapi saa hiyo? Niliumia kweli, maana miaka yote ya urafiki wetu hakuwa ameniomba kitu kingine.

Kule Lindi tulikaa chini ya mabati, suti yangu imelowa tena. Baba ya Mwende akauliza watajuaje kwamba sisi hatuwafichi jambo. Nikasimama kujibu, na huo mdomo usio na breki ukazima kabisa.

Mama Kioko akaweka kikombe chini. "Huyu msemaji niachieni mimi," akasema, uso mkavu. "Leo nilimwomba Mungu atuletee watu wasafi, wasiotuficha kitu. Hata amina sijasema, akaingia na sabuni. Kutuficha, hawezi. Tumeona karibu yote."

Akaanza kucheka yeye mwenyewe, ikafuata nyumba nzima, Mwende akalia kwa kicheko, na Wafula akapewa mke kabla sijatamka hata salamu.

Siku hizi nikienda ugenini najimwagia kopo moja tu, yanayobaki nayalinda kwa macho yangu, na taulo nabeba yangu, ile inayofika magotini. Lakini nimechelewa, maana kwa Mama Kioko jina langu limeshapotea, wote pale wananiita Jibu la Maombi.