Wanawake Wale Hawakuwa Wakishangilia

Shangazi yangu Hyasinta, mzaliwa wa Bukima, ndiye mwanamke wa kwanza katika ofisi ya filamu ya serikali kupelekwa na kamera kwenye vita vya Kagera. Alikuwa bado msichana. Kamera ile nzito ilimwachia bega bovu mpaka leo.

Kule hakupiga picha za mizinga tu. Aliwapiga picha watu wakikimbia na magodoro kichwani, na akina mama kando ya barabara, mikono juu, wakiyaomba malori ya jeshi yawachukue na watoto wao. Malori yakapita. Mmoja wa akina mama hao, Susana, alimpa shangazi maji ya kunywa. Kesho yake kombora likaangukia pale pale, Susana akafa.

Filamu ilipotoka, sauti ya mtangazaji ikasema juu ya picha ya akina mama wale: "Wananchi wakiwashangilia wapiganaji wetu."

Shangazi akamfuata mkuu wake, Clementi. "Mzee, hawa hawashangilii. Wanaomba kuokolewa."

"Wewe piga picha. Maneno tuachie sisi."

Hakunyamaza. Alilisema kila kikao, mpaka wakamhamishia Bunda kutengeneza filamu za dawa ya pamba. Mtu aliyeingia kwenye risasi na kamera begani, eti akapige picha za wadudu! Alizipiga mpaka akastaafu.

Mwaka huu filamu ile ikaonyeshwa Musoma, kwenye kumbukumbu ya vita. Nilimsindikiza. Uongo ni ule ule, na mwishoni yakaja majina ya wapiga picha, wanaume tupu. La kwake halikuwepo. Mratibu wa maonyesho, Yusto, akamletea kitenge.

"Mama, tunakushukuru kwa kushiriki."

"Kushiriki? Mimi nilikuwaga mbele kabisa! Kitenge kaa nacho. Badilisha maneno."

"Tutalifanyia kazi, mama."

Wiki mbili baadaye wakaionyesha Bunda. Hawakubadilisha hata neno moja.

Safari hii shangazi hakungoja. Wanawake wale walipotokea, alikwenda mbele akachomoa waya wa spika.

"Huyu wa kushoto anaitwa Susana," alisema, akimwonyesha kwa kidole. "Alinipa maji. Hapa anaomba lori lisimame. Halikusimama, akafa. Nani kawaambia alikuwa anashangilia?"

Yusto akakimbilia waya. Mzee mmoja, Mihayo, mkulima wa pamba aliyewahi kuwa askari, akainuka.

"Mwache aseme! Mimi nilikuwa kwenye malori yale. Tuliwaona. Tuliamriwa tusisimame."

Akakaa, akajifunika uso kwa kofia. Filamu ikaendelea bila sauti, shangazi akaieleza mwenyewe hadi mwisho.

Yusto anasema kubadilisha maneno kunahitaji kibali kutoka juu. Kibali cha kusema kweli! Mwezi ujao wataionyesha Butiama. Shangazi hajaalikwa. Mzee Mihayo ameshapiga simu: tumpitie Bunda, twende wote.