Mzazi na Theluji ya Woolwich

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila theluji ikianguka London hunirudia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tunakaa Woolwich, flati ya ghorofa ya kwanza. Mie nilikuwa mzazi, nimejifungua karibuni, nimo ndani ya arubaini yangu. Binti yangu Maryamu, ambaye leo ni mtu mzima na mie nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, alikuwa hajatimiza hata mwezi.

Najua nyinyi mliozaliwa huku arubaini mnaisikia tu. Kwetu Unguja mwanamke akijifungua hatoki nje mpaka siku arubaini zipite. Hapigwi na upepo, hagusi maji ya baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, ananyweshwa uji wa pilipili manga mpaka kamasi zimtoke. Kazi hiyo hufanywa na mama yake mzazi, na wangu alikuwa mbali, safari ya kuja haikuwezekana. Aliyenishika mkono ni Bi Zuwena, mjane wa Kipemba aliyekaa chini yetu. Mama wa watu alikuwa mkali huyo, usiombe! Dirisha alilifunga, akaziba na nyufa kwa magazeti. Hita haizimwi, soksi navaa mbili mbili. Chumba kikawa joko.

Mwili wangu ulikuwa unapona. Moyo ndio haukuwapo. Siku hizi hali hiyo ina jina na ina matibabu, lakini mie wakati ule sikujua chochote, nilijiona mwanamke mbaya tu. Sikutaka kumshika mwanangu. Akilia, nageukia ukutani. Bi Zuwena akimleta anyonye, namnyonyesha huku machozi yananitiririka, akishiba tu nasema, "Mchukue." Nesi akija kunitazama namwambia sijambo. Nilikuwa nimeshika jambo moja tu kichwani: arubaini ikiisha narudi Unguja, na huko kwetu ndiko nitakakompenda mtoto huyu. Hapa London nilikuwa nangoja tu. Seif, mume wangu, nilimwambia hivyo hivyo.

Basi asubuhi hiyo Seif kenda kazini. Bi Zuwena kanikanda, kanifunga, kanilaza, akasema anashuka kutupa taka mara moja. Akachelewa. Mtoto yuko pembeni yangu, yu macho, kimya. Nikasikia kelele za watoto nje, na ndani ya kelele hizo kicheko cha mtu mzima nisichokijua. Nikashuka kitandani, nikabandua gazeti moja, nikachungulia.

Subhanallah! Uwanja wote mweupe. Magari hayajulikani rangi, na theluji yenyewe inashuka polepole, kubwa kubwa, kama sufi ya mto uliopasuka. Na pale katikati, Bi Zuwena na buibui lake! Mfuko wa taka kautupa kule, kainua uso, kafungua kinywa, anadaka theluji kwa ulimi. Watoto wa majirani wanamcheka. Akajitia kuwafukuza, akateleza, akakaa kitako pwaa! Wala hakuinuka. Alikaa pale pale anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nikacheka na mie. Nilicheka hata mkanda wa tumbo ukanibana. Na kicheko, mwanangu, hakikai na mtu mmoja, lazima utafute wa kumwonesha. Nikageuka, chumbani hamna mtu ila Maryamu. Nikamnyanyua, nikampeleka dirishani. "Mtazame bibi yako! Mtazame alivyokaa!" Mtoto wa wiki tatu atazame nini, macho yenyewe hayajajua kutulia. Lakini mie nilikuwa namwonesha kweli. Mara nikasikia uzito wake mikononi mwangu, na joto la kichwa chake shingoni, nikasema kimoyomoyo, huyu ni wangu. Nilimpenda papo hapo, nimesimama na soksi zangu mbili mbili.

Mlango ukafunguka. Bi Zuwena huyo, buibui limelowa, theluji mpaka kwenye nyusi. "We Asha! Nani kakwambia ushuke kitandani? Unataka baridi ikuingie, uje unilaumu uzeeni?" Kisha akamwona mtoto mikononi mwangu. Akatoka, nikasikia vyombo vinagongana jikoni, nikamsikia anashuka ngazi. Aliporudi alikuwa kabeba sinia limejaa theluji, akaniwekea mbele yangu kitini kama vile ananiandalia biriani.

"Usiguse, weye mzazi," akasema. "Mie nitakugusia." Akafinyanga donge, akalishika mpaka vidole vikamwiva kwa baridi.

Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akanambia kwa sauti ya chini, "Mie nchi hii nimeingia zamani, na leo ndiyo mara ya kwanza kuigusa theluji kwa hiari yangu. Kila kitu nilikuwa nakingoja. Nitacheka nikirudi Wete, nitastarehe nikirudi Wete. Mume wangu kafa hapa hapa, na sikumbuki lini nilicheka naye. Sasa na weye mtoto utampenda ukifika Unguja? Huyu hajui Unguja wala Woolwich. Anakujua weye."

Theluji iliyeyuka siniani, akaimwaga, akaenda kunipashia uji.

Nisikudanganye, sikupona siku ile. Kulia kuliendelea, na nesi alipokuja tena nilimwambia ukweli, nikapata msaada. Mwenye hali hiyo asijifiche, amwambie mtu. Lakini tangu asubuhi ile, Maryamu akilia nilimnyanyua mwenyewe.

Sasa nakuona weye, theluji ikianguka kazi yako kulaani mabasi na kutazama simu. Mabasi yatarudi, mwanangu. Toka nje. Kama huwezi kutoka, nenda dirishani. Usiiwekee furaha siku ya baadaye wala nchi nyingine, ati mpaka nimalize masomo, mpaka nipate nyumba, mpaka turudi kwetu. Walio nawe wako nawe leo, wapende hapa hapa mlipo, hata kama hapo penyewe hukupachagua.

Mola akujaalie afya na umri, akupe riziki ya halali, akulinde na upweke wa ugenini. Na siku ikianguka theluji, asikukoseshe mtu wa kumwita, "Njoo, njoo uone!"