Vidaka Ishirini na Saba vya Gershom Lewa

Ukimwuliza Gershom Lewa mwenyewe, atakwambia bila kuficha kwamba mwaka wa 1947 alicheza mpira wa kikapu kuanzia Januari mpaka Pasaka, na kwamba kiwanjani hapakuwa na mchezaji mbaya kumshinda ila nguzo ya pete, nayo angalau ilijua mahali pake pa kusimama.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mwalimu Nicanor, aliyerudi Frere Town kutoka vitani Seloni. Alisimamisha nguzo mbili nyuma ya shule, akapigilia juu yake pete za mapipa, akawakusanya wanaume. Gershom alikuwa na miaka thelathini na minane na kitambi kidogo cha heshima. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nazi katika mashamba ya Kisauni. Basi Mwalimu aliposema anataka mtu wa kuandika nani karusha mara ngapi na ngapi zimeingia, wote walimgeukia yeye. Alikubali kwa sharti moja tu, naye achezeshwe.

Daftari akalipanga kwa elimu aliyokuwa nayo. Mpira ulioingia kwenye pete ulikuwa nazi. Uliogonga pete ukatoka ulikuwa koroma, maana ulikaribia kuiva. Na ule uliopita hewani bila kugusa kitu ulikuwa kidaka, kama kile kinachodondoka mnazini hakijawa chochote. Mwalimu alijikuna kichwa, lakini watazamaji walielewa siku hiyo hiyo.

Tabu ilikuwa mazoea. Shambani, mhesabu nazi hahesabu moyoni. Hupaza sauti, na waliozunguka lundo humwitikia, ili mwenye shamba na mnunuzi wasije wakagombana baadaye. Isiyoitwa haijahesabiwa. Gershom alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, na mdomo wake haukujua kunyamaza mbele ya kitu kinachohesabika. Hata akiwa katikati ya mbio, anahema, aliita, "Nazi ya Chengo, saba." Na wanawake waliokaa pembeni wakimenya njugu waliitikia, "Saba." Akirusha wa kwake, ukaruka pete ukaenda kuangukia kwenye mihogo ya kanisa, mdomo ule ule uliita, "Kidaka cha Gershom, kumi na nne." Nao, bila hata kuinua macho, "Kumi na nne."

Pasaka ilipokaribia, vijana wa reli wa Changamwe waliomba mechi, ichezwe Jumatatu ya Pasaka. Wanaoingia ni watano. Wanne walikwisha kujulikana. Wa tano angekuwa Gershom, au Chengo, mkwezi wa minazi mwenye mikono mirefu. "Daftari litaamua," alisema Mwalimu. "Jumamosi utatusomea."

Lingekuwa jambo dogo, lakini Gershom alikuwa amekwisha peleka salamu Rabai kwa mama mkwe wake, Bi Kafedha, kwamba aje amwone akicheza. Kwa miaka kumi na miwili Bi Kafedha alikuwa akiamini kwamba binti yake aliolewa na mtu ajuaye kuhesabu mali za wenzake na si zaidi. Safari hii alikubali kuja.

"Baba Ruwa," mkewe Kache alimwuliza Gershom, "mama anakuja kutazama nini hasa?"

"Anakuja kunitazama mimi."

Kache akakohoa kidogo, akaendelea kukuna nazi yake.

Ijumaa Kuu, alipotoka kanisani, Gershom alifungua daftari. Chengo, nazi kumi na moja. Yeye, nazi 4, vidaka 27. Akachukua wino, akasimamisha moja mbele ya nne. Akachukua wembe, akaikwangua ile mbili, ikabaki saba. Alijiona mjanja kweli, na akalala usingizi mzuri ambao hakuustahili.

Jumamosi akasimama mbele ya watu akasoma, "Gershom Lewa, nazi kumi na nne."

Wanawake, mikono ikiwa kwenye njugu, waliitikia, "Nne."

Hawakuwa na ubaya wowote, ni mazoea; walirudia hesabu ya mwisho waliyoiitikia kiwanjani. Gershom akarudia, "Kumi na nne."

"Nne." Safari hii sauti ya Kache ilisikika wazi kuliko zote.

Akakimbilia vidaka, labda huko kuna nafuu. "Saba."

"Ishirini na saba."

Chengo alitazama chini kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma. Gershom aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini lundo likikukataa, mhesabu nazi habishani nalo. Akasoma upya, nazi nne, vidaka ishirini na saba, kisha kwa mkono wake akaandika Chengo kuwa mtu wa tano.

Jumatatu alifikiria kudai mbele ya mama mkwe kwamba ameteguka mguu. Alichechemea vizuri kutoka nyumbani hadi kanisani, na huko akasahau ulikuwa mguu gani. Basi akakaa juu ya kigoda na daftari lake, akafungua ukurasa mpya wa mechi. Bi Kafedha alikuja na leso mpya, akaketi mbali naye kama ilivyo adabu ya mkwe, kando ya Kache.

"Mbona mumeo hayumo kati ya hawa wanaokimbia?"

"Hakimbii, mama. Ni yule anayeita. Wa Changamwe walikuja na mhesabu wao, walipomsikia huyu wakamwambia wa kwao apumzike, hesabu iwe ile anayoiita huyu."

Bi Kafedha akatega sikio. Mechi ilikuwa imekaza, nazi kwa nazi, muda unakwisha.

"Nazi ya Chengo, tisa," aliita Gershom.

"Tisa," akaitikia Bi Kafedha, kwa sauti iliyowafunika wanawake wote.

Kiwanja kizima kiligeuka kumtazama. Gershom naye aligeuka, moyo umemjaa, machozi yanamlenga, akabaki anamkodolea macho mama mkwe kama mtu asiye na kazi. Nyuma yake Chengo akatia nazi mbili ambazo hakuna aliyeziita, filimbi ikalia, na Frere Town wakashindwa kwa moja.