Spika ya Fidès Haikuwa Mgonjwa

Fidès Nahayo aliingia kanisani kwa mlango wa nyuma, ule wa kwaya, na kabla hajafikia spika yake alijua kuna mkono wa mtu umepita. Sanduku lilikuwa limepanguswa, na misumari mipya. Na ile karatasi nyeusi ya mbele yenye kutoa sauti, iliyokuwa na mpasuko mrefu kama kovu la kisu, sasa ilikuwa nzima, inang'aa kama kiatu cha bwana arusi.

"Siprizi, Mama!" Rodrigue, kiongozi wa kwaya, alicheka meno yote nje. "Tuliipeleka Lilongwe, pale Mchesi, ku fundi. Pasaka inakuja, hatuwezi kumuimbia Mungu na kitu yenye kupasuka."

"Nani alikuambia imepasuka?"

"Mama, si tuliona na macho?"

"Muliona na macho. Masikio muliweka wapi?"

Wanakwaya wakacheka, wakidhani mama anatania. Hakuwa anatania. Alichukua gitaa la kwaya, akachomeka waya, akapiga. Sauti ilitoka safi, nyembamba, tamu kama maji ya sukari anayopewa mtoto mwenye kuharisha. Fidès akaweka gitaa chini. Akachomoa waya kwa hasira.

Sasa mtu asiyejua atasema: mama mzima huyu, anakasirikia karatasi. Asikie kwanza.

Buyenzi, pale Bujumbura, miaka ya sabini. Fidès alikuwa msichana mshona nguo, na mchumba wake Sindayigaya alikuwa anapiga gitaa katika okestra ya baa. Dereva mmoja wa lori akaleta sahani za muziki kutoka Zambia. Vijana wa kule kwenye miji ya shaba walikuwa wanapiga magitaa yenye kunguruma, yenye kulia kama nyuki wakichokozwa mzingani. Juu ya jalada kulikuwa na neno linaloanza na p ambayo hakuna mtu anayeitamka. Sindayigaya akalisoma "sikedeliki", akasema njo muziki wa kufungua kichwa. Dereva alisema ulianza kwa vijana wa Amerika na Uingereza, wenye nywele ndefu, waliochoka na vita na amri za wazee. Wengine walimeza vitu ili waone rangi ndani ya sauti. Wale wa Zambia wakauchukua, wakautia ngoma zao. "Sisi tulimeza chai tu," Fidès husema mpaka leo, "na rangi tuliziona."

Lakini mashine ya kutoa mlio ule hawakuwa nayo. Sindayigaya alikaza nyuzi, akalegeza, akapiga spika makofi, bure. Fidès akachoka kumwangalia. Akatoa wembe wake wa kufumulia mishono, akapasua karatasi ya spika kutoka juu mpaka chini.

"Umeua spika!" Sindayigaya akashika kichwa.

"Piga kwanza. Utalia nyuma."

Akapiga. Nyuki wakatoka. Watu wa baa wakasimama na chupa mikononi, hakuna anayekunywa, mpaka muuza samaki mmoja akaanza kucheza peke yake, na wengine wakamfuata. Baadaye walisikia kwamba hata Uingereza kuna kijana alichukua wembe akafanya vilevile. Fidès hakushangaa. Mwenye njaa ya sauti hasubiri duka lifunguliwe.

Kisha vita. Fidès alikimbia na spika ile kichwani, sufuria zimepakiwa ndani ya sanduku lake. Sindayigaya, aliyekwisha kumwoa, alifia kambini, Tanzania, bila picha, bila wimbo wake hata mmoja uliorekodiwa. Mpasuko njo ulibaki. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kila Jumapili kabla ya mahubiri, Fidès alipiga wimbo mmoja wa marehemu, na ndani ya mngurumo ule mume wake alikuwa anapumua. Huyo njo Rodrigue alikuwa amemziba.

"Karatasi ya zamani iko wapi?"

"Ilibaki ku fundi, Mama."

"Kesho tunaenda. Na we njo utabeba."

Kesho yake wakapanda kabaza, baiskeli mbili za kukodi, mpaka barabarani, kisha minibasi ya Lilongwe. Rodrigue amekumbatia sanduku, amenuna. Fidès ana gitaa mgongoni kama mtoto. Huko Mchesi wakamkuta fundi Hategekimana, Mnyarwanda, amekaa katikati ya mizoga ya redio.

"Ile karatasi?" Hategekimana akasema. "Ilikuwa takataka, Mama. Niliwashia mkaa."

Fidès alikaa juu ya kreti. Akakodolea macho majivu ya jiko. Rodrigue akaogopa, akatoa simu haraka.

"Mama, usihuzunike. Iko aplikasio. Unagusa hapa, gitaa inatoka na sauti ya kupasuka. Batoto ba studio ya Dzaleka bote banatumia. Sikia."

Akagusa. Simu ikanguruma. Nyuki walikuwa mle ndani, wadogo, wamefungiwa kwenye kopo, lakini nyuki walewale. Fidès akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Ngoja nielewe. Yangu yenye kupasuka umefunika, juu ya kuona haya. Halafu weye unatembea na mpasuko mu mfuko?"

"Hii ni ya kisasa, Mama."

"Hii ni mujukuu wangu! Mujukuu unamubeba mu mfuko, bibi yake unamupeleka ku moto!"

Hategekimana alicheka mpaka akavua miwani.

"Na we usicheke," Fidès akamgeukia. "Weye njo ulishika kibiriti. Leta ampli yako."

Hategekimana, kicheko kimekatika, akawasha kikuza sauti chake, akaunganisha waya. Fidès akafungua fundo la kitenge, akatoa wembe.

"Mama! Garanti itakufa!" fundi akapiga kelele.

"Ikufe. Bantu bazima balikufa."

Akapasua. Akachukua gitaa, akapiga: ikatoka kelele ya bati. Akainamisha sikio, akapasua tena kidogo, kwa mshazari, kama anafumua kwapa la blauzi. Akapiga. Wakatoka nyuki.

Hawakuwa wale. Hawa walikuwa wakali zaidi, wageni, hawamjui. Wale wa Sindayigaya walikuwa wamekwisha kwenye jiko la Hategekimana, na hakuna wembe wa kuwarudisha. Fidès alijua hivyo tangu mlio wa kwanza, na bado alipiga wimbo wa mume wake wote, meno yamebana, machozi yanashuka na yeye hayafuti. Wauza mboga wa ng'ambo ya njia waligeuka. Rodrigue akazima simu, akairudisha mfukoni.

Alipomaliza, Fidès akachukua brashi na rangi nyeupe ya fundi bila kuomba. Shule aliiacha darasa la pili. Akainama juu ya sanduku, akaandika taratibu, herufi zimelala huku na huku: ISITENGENEWE.

Rodrigue akasoma, akasoma tena.

"Mama, umesahau z."

"Na hiyo pia usitengeneze," Fidès akasema. "Beba, tuende."