Gauni la Kwenye Simu

Fundi ninayempigia pasi, watu wote wanamwita Mama Pindo, kwa sababu mteja akimletea picha ya nguo, yeye haangalii uso. Anaanza chini kwenye pindo, anapanda na mshono polepole, akifika shingoni anaishia hapo. "Kichwa sishoni," husema. Wateja wanacheka. Zamani na mimi nilikuwa nacheka.

Chumba chetu ni kidogo: cherehani mbili, meza ya kukatia katikati, na meza yangu ya pasi karibu na dirisha ili mvuke upate pa kutokea. Tulikuwa tunasinzia humo kutwa, tunabadilisha zipu mbovu na kupunguza sare za shule. Aliyetutoa huko ni binti yake. Ndiye aliyemfungulia mama yake ukurasa mtandaoni, akamfundisha kupiga picha penye mwanga na kuwajibu wateja kwa adabu. Jamani, sitaki mseme mimi ni mtu wa kulaumu tu. Ukurasa ule ulitulisha. Maharusi walitoka miji ya mbali wakaja kushonewa kwetu, na binti akasomeshwa chuo kwa kazi zilizotokana nao. Anayesema mtandao hauna faida aje anitazame machoni.

Lakini anayesema hauna madhara, huyo nitamrushia pasi.

Siku moja binti alikuja kujaribishwa gauni ambalo halijaisha, la mteja mwenye umbo kama lake. Pini zimejaa, zipu imegoma njiani, tumbo limechungulia, na mwenyewe kafumba macho kwa kuchoka kusimama. Mama yake akaona lesi ya kifuani imekaa vizuri. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni. Uso wa mtoto hakuuangalia.

Weee! Watu wasiomjua, wasiomlisha, wasiomvisha, wakamshukia. Mmoja akamwita gunia, mwingine mtungi, wengine wakasema mambo ambayo mdomo wangu hauyatamki, na mnajua mdomo wangu ulivyo. Picha ikasambaa mpaka chuoni kwao. Binti akapiga simu analia, "Mama, itoe." Mama Pindo akamjibu, "Mwanangu, wapuuze. Wanaotukana ni wachache, wanaouliza bei ni wengi." Alidhani anamfariji! Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Dada, toa picha ya mtoto." Akanijibu nishike pasi yangu. Alipokuja kuitoa, watu walishaihifadhi kwenye simu zao, wakawa wanairusha wanavyotaka.

Binti alimaliza chuo, akapata kazi mji mwingine, hakurudi tena. Simu za mama yake hapokei. Mtandaoni akampiga blok. Nikajaribu kwa simu yangu, nami nikapigwa blok, mimi niliyembeba mgongoni, mama yake mdogo! Niliumia, lakini kumlaumu sikuweza. Mama Pindo akaendelea kuposti. Kila gauni likiisha analiweka, na nilijua si kwa ajili ya wateja. "Huenda anaangalia hata kwa simu ya mwenzake," aliniambia. Kila simu ikilia, anaacha cherehani na kuidaka. Mara nyingine nilikuwa nazima pasi natoka nje, maana yalikuwa yananikata maini.

Juzi akaingia mteja mmoja mcheshi, anayeongea hana kituo, karibu anaolewa. Akamnyooshea Mama Pindo simu juu ya meza ya kukatia. "Nataka kama hili, fundi, lilelile! La rafiki wa rafiki yangu, kaolewa majuzi tu. Nimelipenda mpaka basi."

Mama Pindo akavaa miwani, akaanza chini kama kawaida yake. Pindo akalisifu. Kiunoni akasema fundi amelipua kazi. Akapanda. Alipofika mabegani akaisogeza simu karibu na miwani.

"Huyu bega lake la kushoto limeshuka," akasema. "Fundi hakuliona. Mimi ningetia kitambaa kidogo kwa ndani." Akalipima kwa kidole juu ya kioo. "Hili bega nimelipima tangu sare ya chekechea."

Mteja akacheka, akidhani ni utani. Mimi pasi nikaisahau juu ya shati la watu mpaka likaanza kunuka.

"Dada?" nikamwita.

"Ni mwanangu," akasema. "Mwanangu ameolewa."

Sasa yule mteja, ni huruma yake ndiyo iliyotumaliza. Aliona machozi ya mtu mzima, akaichukua simu yake upesi. "Usilie, mama, ngoja nikuunganishe naye sasa hivi!" Kabla sijafungua mdomo vidole vilishakimbia. Akaandika chini ya picha, huku anatusomea kwa sauti: hongera mpenzi, niko hapa kwa mama yako, anakupenda, anakulilia. Akatuma. Mama Pindo akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa upande wa pili, naona mgongo wa simu tu.

"Ameona!" mteja akasema kwa furaha. Kisha akakunja uso. Akagusa kioo, akagusa tena. Picha haipo. Ukurasa wa bibi harusi haupo. Na yeye kapigwa blok.

"Nisamehe, mama. Mimi sikujua." Akajifunika uso kwa viganja, kilio kikamshika hapohapo kwenye stuli ya wateja. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake, nikashindwa. Angejuaje? Niliyekuwa namwogopea ni fundi wangu. Nilidhani ataanguka, nikazunguka meza nimdake.

Hakuanguka. Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena ingawa hakukuwa na kitu cha kutazama. Kisha akanigeukia.

"Mimi niliangalia gauni," akasema. "Uso sikuuangalia vizuri. Alikuwa anacheka?"

Picha ile sikuiona hata kidogo.

"Alikuwa anacheka sana, dada," nikamwambia.